UZI: Kaonewa Kaliua, anaishi Buhigwe, wakubwa wako Dodoma. Kesi ya haki zake inafunguliwa mahakama ipi?

Mwalo wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema humu? Naombeni utulivu kidogo maana mada ni ndefu na inawagusa watu wa Kigoma na Tabora moja kwa moja. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma mjini, siyo wakili, na nayoandika hayachukui nafasi ya kukaa na wakili karatasi zako zikiwa mezani. Ila kuna kitu naona kinawamaliza watu kuliko hata uonevu wenyewe, nacho ni kufungua kesi mahali ambapo siyo pake. Mwaka mzima unaisha watu wanabishana kesi ilitakiwa iwe wapi, huku mwenye haki anaishiwa nauli na mashahidi wanahama.

Chukueni hili la kijana mmoja wa Buhigwe, ndugu zake wameniruhusu nilisimulie bila jina. Anafanya biashara ya mawese na dagaa. Alipanda basi hapa Kigoma kwenda Tabora, walipofika Kaliua basi likasimamishwa, akashushwa. Kitambulisho cha taifa anacho mkononi, lakini akaambiwa jina lako na lafudhi yako ni vya ng'ambo ya mpaka. Akawekwa ndani zaidi ya wiki, mahakamani hajapelekwa hata siku moja, hakuna aliyemwandikia shitaka, alafu asubuhi moja akafunguliwa mlango akaambiwa nenda. Kitambulisho hakurudishiwa. Mzigo wake nao haujulikani uliishia wapi, basi lilishaondoka kitambo. Taasisi iliyomshika sitaitaja humu, itatajwa kwenye karatasi zinazohusika.

Sasa familia imekaa kikao. Baba yake mdogo anasema kesi ifunguliwe Kigoma maana ndo nyumbani. Shemeji yake aliyeko Dar anasema iletwe huko, mawakili wakubwa wako huko. Jirani anasema Mahakama ya Wilaya Kaliua, ada nafuu na ni palepale alipofungiwa. Kuna na mwingine kaja na Arusha. Nimewasikiliza wote mpaka mwisho na nikagundua wote wanaongelea miji, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kijana wewe unataka mahakama ikupe nini.

Na hapo ndo msingi wa uzi huu. Ukisema "nimevunjiwa haki" bado hujasema kesi yako ni ipi. Unataka fidia ya pesa kwa siku ulizofungiwa na mzigo uliopotea? Unataka mahakama itamke kwamba ulichofanyiwa kinavunja Katiba? Unataka ofisi ilazimishwe kukurudishia kitambulisho? Au sheria yenyewe ndo mbaya unataka ifutwe? Kila jibu lina njia yake, lina muda wake, lina na masharti yake ya kuanzia. Mji unakuja baadaye, na mara nyingi ukishajua unaomba nini mji unajichagua wenyewe.

Kwa huyu kijana kubwa ni fidia. Kushikwa na kufungiwa bila uhalali ni kosa la madai, na aliyemtendea ni mtumishi wa serikali akiwa kazini, kwahiyo unaingia kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Hiyo ndo sheria watu wengi hawaisomi alafu inawakata miguu. Inataka kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mimi huwa nawaambia wapeleke na kwa Wakili Mkuu wa Serikali kabisa. Notisi ieleze msingi wa dai, siyo barua ya kulalamika tu. Siku zikiisha ndo unafungua, na Mwanasheria Mkuu lazima awe mmoja wa wadaiwa, ukimwacha nje shauri linaharibika hata kama kila kitu kingine umekipatia. Mabadiliko ya 2020 yameingiza mpaka halmashauri na mashirika ya umma kwenye utaratibu huohuo, kwahiyo yule anayesema "mimi naishitaki halmashauri tu siyo serikali" ajue ule mwanya umefungwa.

Alafu sheria hiyohiyo inasema mashauri dhidi ya Serikali yanafunguliwa Mahakama Kuu tu, kwenye masjala (yaani kituo chake kinachopokea kesi) ya eneo ambako madai yalitokea. Soma hayo maneno taratibu. Kwanza yanamtoa jirani, maana Mahakama ya Wilaya Kaliua haina mamlaka ya kulisikiliza hata kama ofisi iliyomfungia iko hatua chache kutoka hapo. Pili yanajibu swali la mji. Madai yalitokea Kaliua, Kaliua ni mkoa wa Tabora, kwahiyo masjala ni ya Mahakama Kuu Tabora. Siyo Kigoma, siyo Dar, wala Dodoma kwa sababu tu wizara ziko huko.

Najua watu wa kwetu hii inawauma. Kigoma hadi Tabora kwa reli ni kama kilomita 400, na mtu ameshapoteza mtaji. Lakini bora uumie na nauli kuliko kuletewa pingamizi la awali siku ya kwanza, yaani wadaiwa kuomba kesi iondolewe kabla hata haijasikilizwa.

Bint Ujiji

Asante kaka kwa uzi, ila hapo pa mwisho bado sijakubali. Zamani sawa, kesi zote za Kigoma zilikuwa zinapanda kwenda Tabora kwa sababu Mahakama Kuu ilikuwa kule. Sasa hivi tuna Mahakama Kuu yetu hapahapa Kigoma, jengo lipo, majaji wapo. Alafu safari ilianzia hapa, tiketi ilikatwa hapa, mzigo ulipakiwa hapa, hasara anaisikia akiwa Buhigwe mpaka leo. Si chanzo cha shauri kimeanzia Kigoma hicho? Kwanini mtu aliyeonewa ndo asafiri kuwafuata waliomuonea?

Mwalo wa Kibirizi

Dada swali lako ni la haki na ndo wanalouliza wengi. Ngoja nilijibu kwa kirefu.

Mahakama inapotafuta chanzo cha shauri inauliza kosa lilitendeka wapi, haiangalii aliyetendewa analala wapi. Ukisoma Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kwa kosa alilotendewa mtu mwilini au kwenye mali yake inayohamishika, mdai anaweza kuchagua kati ya sehemu mbili, pale kosa lilipotendeka au pale mdaiwa anapoishi au kufanya kazi. Nyumbani kwa mdai hapamo kabisa kwenye hiyo orodha. Sababu yake ni kwamba anayeitwa kujibu asiburuzwe mbali na alipo wala mbali na tukio. Na ukiwa unaishitaki Serikali hata ule uchaguzi wa pili haupo, maana Sura ya 5 imeshasema eneo madai yalipotokea. Kushikwa ni Kaliua, kufungiwa ni Kaliua, kitambulisho kilichukuliwa Kaliua. Tiketi ya Kigoma haikumfunga mtu.

Lakini kwenye mzigo umegusa kitu cha maana sana ambacho familia haikukiona. Kama basi lilipokea mzigo kwa risiti hapa Kigoma uufikishe Tabora na haukufika, hilo ni dai la mkataba dhidi ya mwenye basi, ambaye siyo Serikali. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa mahali mkataba ulipofanyika, au ulipotakiwa kutekelezwa, au malipo yalipotakiwa kufanyika. Mkataba umefanyika Kigoma, kwahiyo hilo moja linaweza kabisa kubaki nyumbani, na kwa thamani ya mzigo ule halifiki Mahakama Kuu. Sura ya 33 inataka shauri lianzie mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Notisi ya siku 90 haihitajiki hapo. Mnaona sasa tukio moja linavyoweza kuzaa mashauri mawili kwenye mahakama mbili tofauti, kwa sababu wadaiwa ni tofauti na kinachoombwa ni tofauti. Ile risiti ya mzigo itafutwe leo, siyo wiki ijayo.

Na hilo la kwanini aliyeonewa ndo asafiri, mimi nakubaliana na wewe kwamba ni mzigo usio wa haki kwa maskini. Nafuu iliyopo ni kwamba nyaraka zinasajiliwa kwa mtandao siku hizi, kwahiyo kufungua tu hakukupeleki Tabora, na mashauri mengine yanasikilizwa kwa video. Siku ya ushahidi jipange kusafiri.

Unyanyembe

Salaam kutoka Tabora. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka mingi mpaka nikastaafu, kwahiyo niongezee kidogo na nipingane na mwanzisha uzi sehemu moja.

Kwanza nikuunge mkono. Watu wanachanganya mambo mawili, mamlaka na mahali. Ukipeleka dai la Serikali mahakama ya wilaya, mahakama ile haina mamlaka, hata wadaiwa wakinyamaza, hata mkikubaliana nyote, hukumu itakayotoka ni batili na inaweza kufutwa hata kwenye rufaa baada ya miaka. Ukikosea mahali kwa mahakama yenye ngazi sahihi ni tofauti, kwa sababu Sura ya 33 inamtaka mwenye pingamizi la mahali alitoe mapema iwezekanavyo, akikaa kimya mpaka hukumu hawezi kuibuka kwenye rufaa akasema mlikosea mji, labda aonyeshe kweli haki ilipotea. Na Mahakama Kuu ni moja nchi nzima, Kigoma na Tabora ni masjala zake. Lakini mtu asije akalichukulia hilo kama ruhusa ya kubahatisha, maana mawakili wa Serikali hawakai kimya, hilo ndo jambo la kwanza wanaloangalia wakipokea hati yako.

Pili, hati ikionekana imefunguliwa sehemu isiyo sahihi inaweza kurudishwa ili uipeleke panapostahili. Wazee wengi wanasikia "imerudishwa" wanadhani wameshindwa kesi wanaenda nyumbani kulia. Hujashindwa, ila saa ya ukomo wa muda wa kufungua kesi inaendelea kutembea.

Sasa ninapopingana. Huyu kijana ameshikwa kwa sababu ya jina na lafudhi. Huo siyo ugomvi wa pesa, huo ni ubaguzi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na inataja kabila na pahala mtu alipotokea kabisa. Ibara ya 15 ni uhuru wa mtu, ya 17 ni uhuru wa kwenda anakotaka ndani ya nchi yake. Ibara ya 30 inampa mtu haki ya kufungua shauri Mahakama Kuu pale haki hizo zinapovunjwa, na ipo Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, ya mwaka 1994, kwa kazi hiyohiyo. Kwanini umpeleke kwenye madai ya kawaida kama mtu aliyegongwa na baiskeli? Akishinda fidia watamlipa yeye, kesho watamshusha mwingine kwenye basi lilelile. Akipata tamko la Katiba linawalinda Waha wote.

Mwalo wa Kibirizi

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru sana kwa hilo la mamlaka na mahali, umelieleza vizuri kuliko mimi.

Kwa hilo la ubaguzi na Katiba moyo wangu uko upande wako kabisa, na kwa mtu anayetaka kupinga sheria au utaratibu unaoendelea ningemwambia nenda Sura ya 3 bila kusita. Ila angalia vizingiti. Sura ya 3 yenyewe inasema Mahakama Kuu haitatumia mamlaka yake ikiona kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu kwenye sheria nyingine, na huyu njia anayo, ni madai ya fidia. Wakili wa Serikali atasimama na hoja hiyo moja tu na petisheni, yaani hayo maombi ya kikatiba, inaweza kuishia hapo. Tangu mabadiliko ya 2020 unatakiwa pia uape kiapo kinachoonyesha wewe binafsi umeathirika kiasi gani, kwake hilo siyo tatizo, ila kwa vikundi vinavyotaka kusimama kwa niaba ya wengine limekuwa ukuta. Alafu petisheni ya Sura ya 3 inasikilizwa na majaji watatu, na kwenye vituo vyenye majaji wachache kuwakusanya watatu kunachukua muda.

Wazo langu, na wakili ndo ataamua, ni kwamba afungue madai ya fidia na humohumo aeleze kwamba kufungiwa kwake hakukuwa halali kwa sababu kulitokana na ubaguzi unaokatazwa na Ibara ya 13. Haki za Katiba hazijafungiwa ndani ya petisheni peke yake, jaji wa madai naye ameapa kuilinda Katiba ileile.

Unyanyembe

Marahaba kijana wangu. Hoja ya njia nyingine naijua, nimeona mashauri mengi yakiishia hapo. Lakini bado nasema kama kuna wengine walioshushwa mabasi kwa namna hiyohiyo, wakusanyike, kila mmoja na kiapo chake, hapo unaonyesha ni utaratibu unaoendelea na hakuna dai la fidia la mtu mmoja linaloweza kuuzuia. Hilo msilifute.

Mwalo wa Kibirizi

Hilo nalibeba mzee. Na wapo, ndo maana nimeleta uzi. Aliyepitia hili aje inbox na tarehe na sehemu, hata kama hakufungua kesi.

Chumvi ya Uvinza

Wakuu nauliza kama mjinga wa sheria. Yaani mtu wa kijijini hana namna ya kudai haki ya Katiba mpaka afike Mahakama Kuu? Sisi huku hata nauli ya kufika Kigoma mjini ni kazi.

Mwalo wa Kibirizi

Siyo swali la kijinga hata kidogo ndugu yangu. Petisheni ya Sura ya 3 ndiyo, ni Mahakama Kuu tu. Lakini haki ya Katiba inaweza kuibuka ndani ya kesi ya kawaida iliyoanzia chini kabisa. Kuna kesi maarufu ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Yule mama alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo, mwanaukoo akamshitaki akisema kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha kule Muleba, siyo kwenye jumba kubwa la mjini, na ikapanda kwa rufaa mpaka Mahakama Kuu Mwanza ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inagongana na usawa uliomo kwenye Katiba. Mama mzee wa kijijini ndo aliyebeba hiyo kesi, na hakuifungua hata yeye, alishitakiwa.

Na Sura ya 3 ina utaratibu kwamba swali la haki za msingi likiibuka mahakama ya chini, hakimu anatakiwa kulipeleka swali Mahakama Kuu, isipokuwa wahusika wakubaliane vingine au aone ni swali lisilo na mashiko.

Alafu kwa shemeji wa Dar anayeamini kesi kubwa ni za Dar tu, ile ya Mchungaji Mtikila kudai mgombea binafsi ilifunguliwa Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, Jaji Lugakingira akaitolea hukumu 1994. Na mwaka huohuo wa 1993, kwenye shauri la Kukutia ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilikifuta kile kifungu cha sheria kilichomtaka mwananchi aombe kwanza kibali cha waziri ndo aishitaki Serikali. Watu wa mikoani ndo waliotufungulia njia, sasa sisi tunakimbilia wapi?

Mwandiga Boy

Mimi nina binamu yuko Marekani, nimemtumia huu uzi akanijibu kwamba kule mambo ni rahisi, unaenda mahakama ya shirikisho unafungua moja kwa moja. Kasema tungekuwa na mfumo kama ule watu wasingeteseka hivi. Ni kweli?

Mwalo wa Kibirizi

Mdogo wangu, kule nako wana masharti yao ya mahali. Wana sheria ya tangu 1871 wanayoiita Section 1983, ya kumshitaki ofisa wa jimbo au wa mji aliyekuvunjia haki. Kesi hizo zinaweza kwenda mahakama ya shirikisho au hata ya jimbo. Kwa mahakama ya shirikisho wanauliza mambo yaleyale, wadaiwa wanaishi wilaya ipi kama wote ni wa jimbo moja, au sehemu kubwa ya matukio ilitokea wapi. Nyumbani kwa mdai kunahesabika pale anaposhitakiwa ofisa au wakala wa serikali ya shirikisho yenyewe. Hapo ndo naona wametuzidi, nami ningependa siku moja Bunge letu lifikirie hilo kwa mtu wa Buhigwe anayeishitaki Serikali. Ila mpaka wabadilishe, tunafuata iliyopo.

Mama Nzega

Nimesoma mpaka mwisho nikajikuta namkumbuka binti yangu. Yuko kampuni binafsi hapa Nzega, alivyowaambia ana mimba wakamuachisha kazi wiki hiyohiyo. Makao makuu ya kampuni yako Mwanza. Huo nao si ubaguzi? Aende Mahakama Kuu Tabora au Mwanza?

Mwalo wa Kibirizi

Pole sana mama, na mwambie binti asisubiri hata kidogo. Huo ni ubaguzi kazini na sheria ya ajira inaukataza, lakini hauanzii Mahakama Kuu, unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Anajaza fomu namba 1, anampa mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Kwa kuachishwa kazi muda ni siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, ni mfupi mno na watu wengi wanaupoteza wakiwa bado wanambembeleza mwajiri. Mahali ni ofisi ya Tume inayohusika na eneo ambako mgogoro ulitokea. Mgogoro umetokea Nzega, kwahiyo ofisi ni ya upande wa Tabora, Mwanza asiende. Siku 30 zikiwa zimeshapita aende hivyohivyo, kuna fomu ya kuomba kusamehewa kuchelewa ila lazima awe na sababu ya kweli.

Angekuwa mtumishi wa umma ningemwambia kitu kingine, kule lazima wamalize kwanza ngazi za sheria ya utumishi wa umma mpaka Tume ya Utumishi wa Umma.

Mama Nzega

Asante mwanangu Mungu akubariki. Bado siku 30 hazijafika, kesho asubuhi tunaenda.

Gungu Stesheni

Mnazunguka sana. Arusha kuna Mahakama ya Afrika, pelekeni huko, hizi za ndani hazina faida.

Mwalo wa Kibirizi

Mkuu, najua hasira inatoka wapi, lakini huu ushauri unapoteza watu na naomba usisambae. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni kweli iko Arusha, ila Tanzania iliondoa Novemba 2019 lile tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi mmojammoja na asasi kupeleka kesi moja kwa moja, na kuondoka huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kwa tukio la sasa mtu wa Buhigwe hawezi kuipeleka Tanzania pale mwenyewe. Na hata ule mlango ulipokuwa wazi ulitakiwa umalize kwanza mahakama za ndani.

Iliyobaki ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Hiyo haikulazimishi umalize za ndani, lakini muda wake ni miezi miwili tangu tukio au tangu ulipolijua, na hawana mzaha na hiyo miezi. Hoja yako lazima iwe kwamba Serikali imekiuka Mkataba wa Jumuiya. Kwa kijana wetu miezi miwili ilishapita kabla hata familia haijakaa kikao.

Anayetaka njia isiyo ya mahakama kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, malalamiko ni bure na wanaweza kuchunguza. Ila kulalamika kule usikufanye ulale ukasahau muda wa kufungua kesi.

Bint Ujiji

Kaka nimekuelewa kwa Tabora, nimekubali. Bado mawili. Kitambulisho chake ndo bado wanacho, bila hicho hasajili laini, mkopo hapati, na akipanda basi tena si watamshika tena? Hilo nalo linasubiri siku 90? Na mwisho wa kufungua fidia ni lini hasa?

Mwalo wa Kibirizi

Kitambulisho kina njia yake tofauti na fidia dada. Anaandika barua ya kukidai kwa ofisi iliyokichukua, anabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikataa au wakikaa kimya, anaomba Mahakama Kuu iamuru wakirudishe, hayo ndo mapitio ya kimahakama. Yana hatua mbili, kwanza unaomba kibali cha kufungua, ukipewa ndo unafungua maombi yenyewe, na kibali kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi au kitendo unacholalamikia. Hapo mwanzo nimesema tuwe makini na kinachoombwa, ndo hii sasa, maana angekichomeka kitambulisho ndani ya dai la fidia angesubiri miaka kwa kitu kinachoweza kuamuliwa mapema. Masjala ni ileile ya Tabora. Na kwa faida ya wengine, kama mtu bado yuko ndani wakati mnasoma hapa, msiandike notisi yoyote ya siku 90, wakili aende Mahakama Kuu haraka kuomba aletwe mbele ya jaji na waliomshika waeleze kwa sheria ipi.

Muda wa fidia, Sheria ya Ukomo wa Muda Sura ya 89 inatoa miaka mitatu kwa makosa ya madai. Lakini kwenye jedwali hilohilo kuna kipengele cha mwaka mmoja kwa fidia ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria, na Serikali itasema maafisa wake walikuwa wanatekeleza sheria. Kwahiyo mimi nawaambia familia wahesabu mwaka mmoja, siyo mitatu, na ndani ya huo mwaka watoe zile siku 90 za notisi. Kijana alishikwa mwezi wa tatu. Notisi iende wiki hii.

Unyanyembe

Na waitume kwa njia yenye uthibitisho. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na ofisi husika iambatanishwe kwenye hati ya madai, masjala wakiulizwa wanaangalia hiyo kwanza. Wakifika Tabora kwa ajili ya usikilizwaji wanitafute, nitawaonyesha masjala ilipo na pa kulala kwa bei ya kawaida.

Mwalo wa Kibirizi

Nimewasomea ndugu zake ujumbe wako mzee, wamefurahi sana. Wakili amepatikana wa msaada wa kisheria, Jumatatu anakaa na kijana kuandika notisi, na risiti ya mzigo imeonekana kwenye begi la mke wake.